Maisha ya Mama Kevina, Mama wa Wagonjwa wa Ukoma

Katika kitabu hiki cha jubilei tumewakumbuka wale waliojenga makanisa, shule na zahanati katika nchi yetu ya juu. Sasa twataka kuwasimulia wasomaji wetu, na hasa walimu na wazee wa vigango, maisha ya mtu mmoja ambaye kazi yake ilikuwa Uganda, lakini mafundisho yake yatufaa sisi wa Mahongole na Makambako vile vile kama yalivyowafaa Waganda na Wasoga. Jina lake ni Mama Kevina.

Tunamsimulia kwa sababu mbili. Ya kwanza, ni haki kumkumbuka mtu aliyetenda mema. Ya pili, ugonjwa aliopigana nao haujaisha. Hata leo wako watu wanaopoteza vidole na macho. Dawa ipo, nayo hutolewa bure. Lakini hawakulijua baka la kwanza, au walilijua wakalificha.

UTOTO WAKE

Mama Kevina alizaliwa tarehe 28 Aprili 1875 katika kijiji cha Knockenrahan, karibu na mji wa Arklow, nchi ya Ireland. Jina lake la nyumbani lilikuwa Teresa Kearney. Baba yake alikufa kabla mtoto hajazaliwa. Alipokuwa na umri wa miaka kumi hivi, mama yake naye akafa, akalelewa na bibi yake. Basi huyu aliyekuja kuitwa mama na watu wengi, yeye mwenyewe alikuwa yatima.

Alipokua alifanya kazi ya ualimu msaidizi. Mwaka 1895 aliingia utawani kwa Masista Wafransisko wa Mill Hill, London, na mwaka 1898 akapewa jina la Sista Mary Kevin. Alitumaini kutumwa Marekani, awatumikie watu weusi wa nchi ile. Lakini Askofu Hanlon wa Uganda aliomba masista, naye akachaguliwa pamoja na wenzake watano.

SAFARI YA KWENDA UGANDA

Masista sita waliondoka London tarehe 3 Desemba 1902. Reli ya kutoka Mombasa ilikuwa imefika ziwani mwaka mmoja tu kabla yao. Tarehe 15 Januari 1903 wakafika kilima cha Nsambya, karibu na Kampala.

Waliikuta nchi katika msiba. Ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia pwani za Ziwa Victoria, hasa Busoga, ukaua watu zaidi ya laki mbili katika miaka michache. Vijiji vizima vilibaki mahame. Sista Kevin hakuwa daktari, wala hakuwa na nyumba ya kutibia. Alianza kuwatibu wagonjwa chini ya mwembe. Hiyo ndiyo iliyokuwa zahanati yake ya kwanza: kivuli, maji, vitambaa, na dawa chache.

Kila aliyepata kufanya kazi katika zahanati, siku zile au siku hizi, anajua ya kuwa watu wengi huja kwa ajili ya ngozi zao. Mmoja ana upele, mwingine choa, mwingine funza miguuni, mwingine kidonda kilichokataa kupona. Homa yaweza kujificha ndani ya mwili, lakini ngozi husema mbele ya watu wote. Kwa hiyo mwenye ugonjwa wa ngozi huumwa mara mbili, mara moja kwa ugonjwa wenyewe na mara ya pili kwa haya. Mtu asiyeweza kumgusa mgonjwa kama huyo hataweza kumtibu. Masista walijifunza kugusa kabla ya mambo mengine yote.

KAZI YAKE YAONGEZEKA

Mwaka 1906 kazi ilienea hata Nagalama. Mwaka 1910 Sista Kevin akafanywa mkubwa wa masista wake, na watu wakamwita Mama Kevina. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ilipofika, wapagazi wengi walichukuliwa kubeba mizigo ya majeshi. Walirudi wakiwa wamedhoofu, wamejaa majeraha na maradhi, nao wakatunzwa Nsambya. Mwaka 1918 serikali ya Kiingereza ilimpa nishani kwa kazi hiyo.

Mama Kevina aliona ya kuwa wageni peke yao hawataweza kazi hii. Mwaka 1923 alianzisha huko Nkokonjeru shirika la masista Waafrika, Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, ambao leo wanafanya kazi Uganda, Kenya na Tanzania pia. Katika miaka hiyo hiyo, akisaidiana na Daktari Evelyn Connolly, alianzisha huko Nsambya mafunzo ya wauguzi na wakunga wa Kiafrika. Desturi ya Kanisa wakati ule iliwakataza masista kazi ya ukunga. Mama Kevina hakuacha kueleza mahitaji ya akina mama waliokuwa wakifa wakijifungua, na mwaka 1936 Roma ikatoa ruhusa kwa masista wa misioni kuifanya kazi hiyo.

NYENGA NA BULUBA

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuyaandike maisha yake. Mwaka 1932 Mama Kevina alifungua makao ya wagonjwa wa ukoma huko Nyenga, karibu na Jinja. Mwaka 1934 akafungua mengine Buluba, nchi ya Busoga, kando ya ziwa.

Wasomaji wetu wazee hawahitaji kuelezwa jinsi mgonjwa wa ukoma alivyotendewa zamani, maana mambo hayo yalikuwa kila mahali. Alitengwa na chungu chake, na kibanda chake, na njia yake ya kwenda mtoni. Watu walisema amelaaniwa, au ukoo wake umelaaniwa, na binti zake hawakuposwa. Hata waliosoma Biblia walikosea mara nyingi. Katika kitabu cha Walawi yatajwa maradhi ya ngozi ambayo kuhani aliyatazama, naye mwenye ugonjwa akakaa nje ya kambi. Wataalamu wa siku hizi wanaona ya kuwa neno lile la Kiebrania lilikusanya maradhi mengi ya ngozi, wala halikuwa jina la ukoma huu tunaoujua. Lakini watu walilichukua likawa hukumu juu ya wagonjwa wetu.

Kweli yenyewe ilikuwa imekwisha kupatikana kabla Mama Kevina hajazaliwa. Mwaka 1873 daktari mmoja wa Norwei, Gerhard Armauer Hansen, aliona kwa hadubini vijidudu vya ukoma katika nyama za wagonjwa. Tangu hapo ilijulikana ya kuwa ukoma si laana, si urithi, wala si uchawi. Ni ugonjwa wa vijidudu, kama kifua kikuu. Tena ni mvivu wa kuambukiza: watu zaidi ya 95 katika kila 100 wana nguvu ya kuushinda mwilini mwao hata vijidudu vikiwaingia. Lakini habari hiyo ilitembea polepole kuliko hofu.

Wakati Nyenga na Buluba zilipofunguliwa, dawa iliyotumika duniani ilikuwa mafuta ya mbegu za mti wa Bara Hindi, yaitwayo chaulmugra. Mgonjwa alichomwa sindano ya mafuta hayo mara nyingi, akapata uchungu mwingi na nafuu ndogo. Kwa hiyo kazi kubwa ya masista ilikuwa utunzaji: kuosha vidonda, kuvifunga, kulisha wasio na vidole. Ingaliwezekana kusema kwamba kazi isiyoponya haina faida. Mama Kevina hakuona hivyo. Mtu aliyeoshwa kidonda chake kila siku huacha kujiona takataka, hata kama kidonda hakijafunga. Na makao yale yalipokuwa yamekwisha simama, dawa nzuri ilipopatikana ilikuta mahali pa kufikia.

Lakini lazima tuseme jambo moja. Siku zile madaktari waliamini ya kuwa mgonjwa wa ukoma sharti akae mbali na watu. Hata katika nchi yetu walitunzwa katika makao yao, kama Litisha karibu na Peramiho, chini ya Wabenedikto. Siku hizi haifai tena. Aliyeanza dawa haambukizi wengine, naye atibiwe akikaa nyumbani kwake, alale kwake, ale na watoto wake.

JINSI UKOMA UNAVYOJULIKANA

Tungemheshimu Mama Kevina kwa maneno matupu kama tungeacha hapa. Basi twaeleza kwa ufupi namna ya kuutambua ugonjwa huu, ili walimu na wazazi wajue.

Ukoma hupenda mishipa ya fahamu na sehemu za mwili zilizo baridi. Hukaa kimya muda mrefu, mara nyingi miaka mitano, na pengine ishirini, kabla ya kuonekana. Dalili ya kwanza ni baka katika ngozi, lililopauka au lenye wekundu kidogo. Baka hilo haliwashi wala haliumi. Hilo ndilo lenye hila, maana mtu asiyeumwa hatafuti dawa. Tena mahali pale pamekufa ganzi. Mgonjwa akifumba macho na kuguswa kwa kijipamba, hawezi kuonyesha ameguswa wapi. Wengine hawana baka wazi, ila ngozi ya uso na masikio hunenepa na kutoa vinundu, na nyusi hunyonyoka.

Ugonjwa ukiachwa, mishipa huvimba na kufa. Vidole hukunjamana, mguu hulegea, jicho hushindwa kufumba. Watu husema ukoma hula vidole, lakini sivyo. Vidole huharibika kwa sababu havisikii maumivu. Sisi wa nchi ya baridi tunalielewa jambo hili upesi. Jioni za Juni na Julai twakaa karibu na moto. Mwenye mguu mzima huurudisha mara joto linapozidi. Mwenye ganzi huuacha hapo mpaka unaungua, naye hajui mpaka anapoona lengelenge. Kesho yake hutembelea kidonda kile kwenda shamba, kwa kuwa hakimwumi. Hivyo uchungu, ambao twauchukia sote, ni mlinzi wetu. Na yule aliyeupoteza amepoteza mlinzi wa mwili wake.

MARADHI MENGINE YA NGOZI YANAYOFANANA

Si kila baka ni ukoma, wala tusimtie mtu jina hilo kwa kumtazama tu. Alama kubwa ya kutenganisha ni hii: jiulize kama panawasha au kama pana ganzi.

Upele huwasha sana, hasa usiku mtu akiwa amejifunika blanketi. Vipele vyake hupatikana kati ya vidole, vifundoni mwa mikono, kiunoni na matakoni. Huenea upesi katika mabweni na katika nyumba ambamo watoto wengi hulala pamoja. Zahanati hutoa dawa ya kupaka mwili mzima kuanzia shingoni kushuka chini. Lakini kosa la watu wengi ni kumpaka mtoto mmoja anayejikuna. Watu wote wa nyumba hiyo wapakwe siku moja, hata wasiojikuna, na nguo na mablanketi yafuliwe na kuanikwa juani. Kama sivyo, upele utazunguka nyumba nzima na kurudi kwa yule wa kwanza.

Choa, ambacho wengi hukiita mashilingi, huwa na duara lenye kingo zilizoinuka na kuwa na magamba, na katikati hupona kwanza. Huwasha, wala hakina ganzi. Hutibiwa kwa mafuta ya kupaka mara mbili kwa siku kwa majuma kadhaa, wala mtu asiache mara tu duara linapofifia. Kikiwa kichwani na nywele zikikatika, mafuta hayatoshi. Mtoto apelekwe zahanati apewe vidonge.

Funza huingia nyayoni na chini ya kucha, huonekana kama nukta nyeusi katika uvimbe mweupe. Atolewe kwa chombo safi, kisha mahali paoshwe kwa sabuni. Sindano moja isipite kutoka mguu hata mguu, maana yaweza kupeleka maradhi ya damu. Mtoto aliyechomwa chanjo ya pepopunda ana kinga ya ziada. Nyumba ya udongo inyunyiziwe maji na kufagiliwa mara kwa mara, na watu wavae viatu.

Mwisho, kidonda cho chote kisichopona kwa majuma mawili, na kidonda cho chote kisichouma ingawa ni kirefu, kipelekwe kwa mganga wa zahanati. Tusikitie mavi ya ng'ombe, wala majivu, wala maji ya betri.

DAWA YAPATIKANA

Katika miaka ya 1940 ilianza kutumika dawa ya vidonge iitwayo dapsoni, na kwa mara ya kwanza wagonjwa wengi walianza kupona kweli kweli. Mama Kevina aliishi kuiona siku hiyo. Mwaka 1951 daktari mwanamke wa Polandi, Wanda Błeńska, alifika Buluba akakaa miaka mingi sana. Alikuwa na desturi ya kuwapima wagonjwa kwa mikono mitupu, bila mifuko ya mpira, ili watu waone ya kuwa hakuna haja ya kuogopa; tena alianzisha huko mafunzo ya watumishi wa ukoma. Naye aliishi mpaka mwaka 2014, akiwa amepita umri wa miaka mia.

Baadaye vijidudu vilianza kuizoea dapsoni. Kwa hiyo mwaka 1981 Shirika la Afya la Dunia liliagiza dawa zichanganywe: dapsoni, rifampisini na klofazimini. Mwenye mabaka machache hutumia dawa miezi 6, mwenye mengi miezi 12, kisha amepona. Dawa hizo hutolewa bure. Klofazimini huifanya ngozi iwe nyeusi zaidi kwa muda. Mgonjwa asiogope, maana rangi hurudi dawa zikiisha. Na kama katikati ya matibabu mabaka yakivimba na kuwa mekundu, au mishipa ikiuma, au mkono ukilegea ghafula, asiache dawa, bali arudi zahanati siku ile ile, kwa kuwa mishipa yaweza kuokolewa ikiwahiwa.

Mwaka 2006 nchi yetu ya Tanzania ilifikia kiwango cha chini ya mgonjwa mmoja kwa kila watu 10,000. Ni jambo la kushukuru. Lakini wagonjwa wapya wangali wanapatikana, na baadhi yao hufika wakiwa na vilema tayari. Kilema hicho ni ushahidi wa miaka ya kuchelewa.

MWISHO WA SAFARI YAKE

Mwaka 1952 masista wa Mama Kevina waliofanya kazi Afrika walifanywa shirika la peke yao, Masista Wamisionari Wafransisko kwa Afrika, naye akawa mkuu wao wa kwanza. Mwaka 1955 alijiuzulu kwa uzee, akaenda Boston, Marekani, kuwaombea misioni msaada. Huko, mahali paitwapo Brighton, alifariki tarehe 17 Oktoba 1957, akiwa na umri wa miaka 82.

Alizikwa kwanza Ireland, nchi alikozaliwa. Lakini Wakatoliki wa Uganda hawakukubali mama yao alale mbali nao. Wakachanga fedha, mwili ukaletwa kwa ndege, na tarehe 3 Desemba 1957 akazikwa Nkokonjeru, katikati ya masista aliowalea. Desemba 3 ndiyo siku ile ile aliyoondoka London miaka 55 kabla yake.

NENO KWA WALIMU NA WAKRISTO

Ndugu wasomaji, wengi wetu hatutafungua hospitali kando ya ziwa. Lakini kila mwalimu ana watoto mbele yake kila asubuhi, na kila mama huwaogesha wanawe. Mtoto akionekana na baka lisilowasha, mwalimu asimfukuze darasani, wala asiwaambie wenzake. Amwite mzazi faraghani, amweleze kwa upole, amtume zahanati, tena aulize baada ya juma moja kama alikwenda. Mgonjwa akipatikana, watu wa nyumba yake nao wachunguzwe.

Na yule ambaye amekwisha pona, lakini mikono yake imebaki na kilema, ana haki ya kukaa benchi moja nasi kanisani, kunywa pombe ya harusi katika kikombe kama chetu, na binti yake kuposwa. Ugonjwa wake umekwisha. Hofu yetu ndiyo iliyobaki bila dawa, na hiyo ni juu yetu wenyewe kuiponya.